Tathmini ya ruzuku za safari za utafiti: nani anashika kalamu, nani anapanda ndege

Mpango wa International Exchanges wa Royal Society, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa London mwaka 1660, unatajwa mara nyingi na walimu wa sayansi wa vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki, na mara nyingi unaeleweka vibaya. Mtu anausikia kwenye foleni ya chai mkutanoni, anaambiwa kwamba "Waingereza wanatoa nauli," kisha anausoma mwongozo wa maombi na kugundua kwamba yeye siye mwombaji. Nimefanya utafiti wa mwani wa baharini kwa zaidi ya miaka 10 katika chuo kimoja cha pwani ya Tanzania, nimesafiri na kupokea wageni kwa ruzuku za aina hii kutoka kwa wafadhili mbalimbali, na nimewahi kuwa mwombaji mwenza katika mpango huu ninaoutathmini. Namwandikia mwenzangu mwenye wazo, mwenye mshirika ng'ambo ambaye wameonana mara moja tu, na ambaye anajiuliza kama fedha za nauli zinastahili jasho la kuziandikia.

Nianze na fedha zenyewe, kwa kuwa ndizo huulizwa kwanza. Viwango ni vitatu. Pauni 3,000 ni za safari moja isiyozidi miezi 3. Pauni 6,000 ni za safari kadhaa ndani ya mwaka 1, na humo zisizozidi 1,000 zinaweza kutumika kwa gharama za utafiti wenyewe. Pauni 12,000 ni za safari kadhaa ndani ya miaka 2, na gharama za utafiti hazivuki 2,000. Kiwango hicho cha juu kinazunguka kwenye shilingi milioni 40 za Tanzania, fedha ambazo kijijini zinasimamisha nyumba na ambazo kwenye bajeti ya utafiti zinakwisha hujamaliza kuzihesabu. Hazilipi mshahara wa mtu, na atakayezitegemea kununua mashine ya maabara atakuwa amejidanganya. Zinalipa nauli, malazi, chakula, na vitu vidogo vya kazi: kemikali, mirija, ada za vibali, mafuta ya boti. Zinakwenda pande zote mbili, yaani mshirika wa Uingereza anaweza kuja na sisi tunaweza kwenda, mradi ushirikiano uwe mpya na wazo liwe moja lililo wazi. Sayansi za jamii hazimo, na tiba ya hospitalini haimo.

Wapo wenzangu wanaoudharau mpango huu kwa udogo wake, nami kwa miaka kadhaa nilikuwa miongoni mwao. Kilichonibadilisha ni mwaka 2021. Serikali ya Uingereza ilipunguza misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 hadi asilimia 0.5 ya pato la taifa, na mwezi Machi mwaka huo UKRI, taasisi inayosimamia fedha za utafiti za nchi hiyo, ikawatangazia watafiti kwamba kulikuwa na pengo la pauni milioni 120 kati ya fedha zilizopo na ahadi zilizokwisha kutolewa. Miradi mikubwa ya Global Challenges Research Fund, mfuko wa Uingereza wa utafiti juu ya matatizo ya nchi zinazoendelea, ambayo ilikuwa imeajiri watu na kuahidi vifaa katika nchi nyingi zikiwamo zetu, ikapunguzwa au kukatwa ikiwa njiani. Baada ya hapo niliona jambo ambalo sikulitarajia. Washirika waliokuwa wamewahi kukaa mji mmoja, wakala pamoja na kugombana juu ya jedwali moja la takwimu, waliendelea kuandikiana na kutafuta fedha kwingine. Wale waliounganishwa na bajeti tu, bajeti ilipokwenda nao wakaenda. Tangu hapo naipima ruzuku ya safari kwa siku: watu wawili watakaa chumba kimoja siku ngapi?

Nitoe mfano wa maabara. Mwani wa cottonii, ambao jina lake la kisayansi ni Kappaphycus alvarezii, umejaa karajini, utomvu mzito unaofanya viwanda vya vyakula na dawa za meno viununue. Utomvu huohuo ni adui wa mtu anayetaka kutoa DNA. Ukisaga mwani, ukaweka kemikali na kuvuta pipeti, uzi wa ute unaifuata ncha yake kama mlenda, na kazi yote inayofuata inaharibika. Kwa miezi minne mshirika wangu na mimi tuliandikiana juu ya tatizo hilo, yeye akituma maelekezo, nami nikimrudishia picha za jeli ya kupimia, tupu, isiyo na hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba DNA imepatikana. Alipokuja alisimama asubuhi nzima nyuma ya fundi wetu wa maabara, akamtazama akipima, akisaga na kumimina, halafu akauliza swali moja tu: kwa nini sampuli ni laini? Kumbe maelekezo yake yalikuwa hayakuandika jambo ambalo kwao kila mtu analijua, kwamba huchukuliwa ncha changa tu za mwani, hufutwa chumvi, na hukaushwa ndani ya silika jeli mpaka zivunjike kama biskuti ndipo zisagwe. Fundi wetu alisaga mwani mbichi kwa sababu karatasi ilisema "saga mwani." Jioni ya siku ya pili tulipata mistari. Tulikuwa tumeongea kwa video mara nyingi, na ulaini wa sampuli hauonekani kwa video.

Mgeni naye hakuondoka mikono mitupu. Tulimpeleka pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989 na ambako wakulima wengi ni wanawake. Katika rasimu yake alikuwa ameandika kwamba wakulima wanapendelea spinosum, mwani wenye bei ya chini, kwa kukosa elimu ya soko. Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa amesimama kwenye maji ya magotini, akifunga vipande kwenye kamba, kwa nini hapandi cottonii yenye bei nzuri. "Mwanangu," mama alimjibu bila kuacha kufunga, "cottonii sasa yataka maji ya kina, na kina chataka chombo. Chombo sina, na kuogelea sijui." Maji ya kina kifupi yamekuwa ya joto kupita kiasi kwa cottonii, hilo mgeni alilijua kwa vipimo. Ambacho hakukijua ni kwamba tatizo la joto huku ni tatizo la nani ana mtumbwi na nani alifundishwa kuogelea. Sentensi ile ya elimu ya soko ilifutwa usiku uleule, kwenye meza ya nyumba ya wageni, na swali la utafiti wetu likabadilika. Kwa safari iliyogharimu pauni zisizofika 3,000, sioni bei nafuu zaidi ya hiyo.

Lililo gumu ni la kalamu. Mwombaji mkuu wa International Exchanges lazima awe mwanasayansi aliyeko Uingereza. Sisi ni wenza. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya chuo cha Uingereza, na ni chuo hicho kinachotunza hesabu. Wote wawili wanatakiwa wawe na shahada ya uzamivu au uzoefu wa utafiti unaolingana nayo, na mikataba yao ya kazi idumu muda wote wa mradi. Masharti haya yana mantiki yake, maana fedha za chama hicho zinatolewa kwa ajili ya sayansi ya Uingereza, lakini matokeo yake kwetu ni ya kweli. Mhadhiri msaidizi mwenye shahada ya uzamili, ambaye mara nyingi ndiye anayeshinda maabara na ndiye angenufaika kuliko mtu yeyote na wiki sita katika maabara yenye vifaa, hawezi kuandika jina lake kama mwombaji. Mwalimu wa mkataba wa miaka 2 aliyebakiwa na miezi 14 hawezi kuomba ruzuku ya miaka 2. Na hata profesa wetu mwenye wazo lake mwenyewe atalazimika kulikabidhi kwa mwenzake wa ng'ambo, akitumaini kwamba litarudi likiwa bado na sura yake.

Hapa ndipo ninapowashauri wenzangu wasione haya. Kabla fomu haijatumwa, omba kuiona bajeti, mstari kwa mstari. Watu wetu wana tabia ya kuiona bajeti ya mwenzao kama chumba cha kulala cha mtu, mahali ambapo mgeni haingii, na heshima hiyo inatugharimu. Uliza tiketi yako itakatwa na chuo chao au utajilipia kisha urudishiwe. Uliza kama ada ya viza na bima ya afya vimeandikwa. Uliza ile 2,000 ya gharama za utafiti imegawanywaje, kwa kuwa nimeshuhudia mara nyingi ikiandikwa yote kwa ajili ya usomaji wa vinasaba katika maabara ya huko, ilhali boti, vibali na posho za wasaidizi wa huku vikaachwa viote vyenyewe. Mshirika mwema hatachukia kuulizwa, na mimi bado sijakutana na aliyechukia.

Ukitaka kuona inakuwaje kalamu ikiwa upande wetu, utazame mpango wa Carnegie African Diaspora Fellowship Program, ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Chimbuko lake lilikuwa utafiti wa mwanahistoria Mmalawi Paul Tiyambe Zeleza, ambaye baadaye aliongoza chuo cha USIU-Africa jijini Nairobi, juu ya wasomi wa Kiafrika walioko Marekani ya Kaskazini. Katika mpango huo chuo mwenyeji kilichoko Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania au Uganda ndicho kinachoandika ombi: tunataka mtu wa fani hii, aje afanye kazi hii, kwa muda huu. Msomi aliyezaliwa Afrika na anayefundisha Marekani au Kanada huja kwa siku zisizopungua 14 na zisizozidi 90, akilipiwa nauli na posho. Tofauti inaonekana mara moja unaposoma maombi yenyewe, kwa maana ombi lililoandikwa na idara ya hapa linataja kozi iliyokosa mwalimu kwa jina lake, na wanafunzi wa uzamivu wanaosubiri msimamizi. Jambo jingine ambalo wafadhili wengine hawawezi kulinunua ni kwamba mgeni wa namna hiyo anajua kusubiri, anajua kumwamkia katibu muhtasi kabla ya kuulizia barua yake, na akiambiwa "njoo kesho" anajua ni kesho ipi. Kasoro yake ni kwamba njia ni ya upande mmoja: yeye anakuja, sisi hatuendi. Na mwenye mshirika Mjapani au Mreno hana la kufanya humo.

Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi na walimu, nitaipitia haraka, kwa sababu walimu wengi wa vyuo vyetu tayari wanaifahamu tangu ilipofunguliwa kwa nchi za mbali mwaka 2015. Kalamu nayo iko Ulaya. Sifa yake kubwa ni kwamba inalipa kwa viwango: nauli kwa umbali uliopimwa kwa kilomita, kujikimu kwa idadi ya siku, bila mtu kukuuliza risiti ya kila chupa ya maji. Kasoro yake ni kwamba si ruzuku ya utafiti. Mwalimu huenda kwa siku 5 hadi miezi 2, na akienda kufundisha anatakiwa afundishe angalau saa 8 kwa wiki. Matokeo yake watu huenda na mihadhara mfukoni na sampuli kwenye sanduku, wakafanya utafiti wa kuibia saa za jioni. Wanafunzi wa uzamivu wanaweza kwenda kwa safari fupi ya siku 5 hadi 30, na hilo ni jema. Uingereza ilipojitoa katika Erasmus+ ilianzisha Turing Scheme mwaka 2021, ambayo inawapeleka wanafunzi wake nje na haiwalipii wa kwetu kwenda kwao. Ukiandikiwa na chuo cha Uingereza juu ya "mabadilishano" chini ya jina hilo, soma mara mbili.

Wazo zima la ruzuku hizi, ukilifuatilia nyuma, linakutana na mtu aliyelipata kwa uchungu. Mwanafizikia Abdus Salam alirudi Lahore kutoka Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa na jina tayari, akajikuta hana mtu wa kuzungumza naye fizikia, wala majarida mapya, wala nafasi ya kusafiri. Mwaka 1954 alirudi Uingereza, kwa kuwa aliona kubaki nyumbani kulimaanisha kuiacha fizikia. Mwaka 1964 alianzisha ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, mjini Trieste, Italia, na humo akaweka utaratibu wa washiriki: mwanasayansi wa nchi inayoendelea anaendelea kuwa mwalimu kwao, lakini kwa muda wa miaka kadhaa ana haki ya kwenda Trieste mara kadhaa, akakaa wiki au miezi, kisha akarudi kwa wanafunzi wake. Salam alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, na bado mimi naamini utaratibu ule ni kazi yake kubwa isiyoimbwa. Anayeomba ni mwanasayansi wa Kusini mwenyewe, na safari inarudiwa. Laiti kungekuwa na kitu kama hicho kwa watu wa bahari. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, inajitahidi kwa ruzuku zake ndogo kwa watafiti wa ukanda huu, na kijana wa baiolojia ya bahari aanze kugonga hapo kabla ya kuota London.

Kuna upande wa ruzuku ambao miongozo haiandiki, nao ni upande wa risiti. Miaka michache iliyopita nilipata ruzuku ya safari kutoka kwa mfadhili ambaye sitamtaja, na ambaye si yeyote kati ya niliowataja humu. Sharti lake lilikuwa kwamba utumie kwanza, uwasilishe risiti, ndipo urudishiwe. Kwa profesa wa nchi tajiri mwenye kadi ya benki ya chuo, sharti hilo ni usumbufu wa dakika kumi. Kwa mwalimu wa huku ni mkopo anaoukopesha ulimwengu. Nilikata tiketi kwa fedha zilizokuwa za ada ya mtoto, nikalipa nyumba ya kulala, nikarudi, nikakusanya karatasi zangu hadi vipande vya pasi za kupandia ndege, na fedha zikaingia baada ya miezi saba, zikiwa zimekatwa ada za benki tatu.

Safari nyingine fedha zilikuja kwa njia ya chuo, kama masurufu, yaani fedha za kutangulizwa, nikafurahi mapema mno. Siku ya marejesho mhasibu alizipanga karatasi zangu juu ya meza yake kama mtu anayepanga karata. Tiketi ya boti ya Dar es Salaam na Unguja, sawa. Nyumba ya wageni, risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ipo, sawa. Kisha akashika kikaratasi cha daftari kilichoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu: "Nimepokea elfu arobaini ya ngalawa siku mbili," na chini yake alama ya dole gumba. "Mwalimu, hii ndiyo nini?" Nikamweleza kwamba mwenye ngalawa ni mzee wa miaka sabini, hana mashine ya EFD, hana namba ya mlipakodi, na bila yeye hakuna sampuli. "Naelewa, mwalimu wangu," alisema kwa upole wa kweli, "lakini mkaguzi haelewi." Shilingi 40,000 zile nilizilipa mimi. Simlaumu mhasibu, wala mzee. Nawalaumu watunga masharti, wanaodhani kwamba duniani pote kazi hufanyika mahali penye mashine ya kutolea risiti. Kiwango cha siku kama kile cha Erasmus+ kinamaliza balaa hili, na mfadhili yeyote anayetaka kweli watu wafike kwenye maji ya magotini angekichukua.

Vibali navyo vina kalenda yao. Mgeni anayekuja kufanya utafiti Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na baada yake hati ya ukaazi kutoka Uhamiaji. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST, na Zanzibar ina taratibu zake zinazoanzia ofisini na kuishia kwa sheha wa shehia utakayoingia. Sampuli za viumbe zikitoka nchini zinataka makubaliano ya maandishi, na tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa juu ya kugawana faida za vinasaba vya viumbe, ianze kutumika mwaka 2014 maabara nyingi za nje haziwezi tena kufumbia macho jambo hilo. Sisi tunaokwenda tunahitaji kibali cha mwajiri, na kwa watumishi wa umma wa Tanzania kibali cha safari ya nje si cha kuombwa wiki ya safari. Waliokuwa kazini mwishoni mwa mwaka 2015, safari za nje zilipobanwa, wanakumbuka tiketi zilizooza. Viza ya Schengen ya muda mfupi imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ya Uingereza ina bei ya juu zaidi ya hiyo, alama za vidole na wiki za kungoja pasipoti isiyokuwa mkononi mwako. Anayepanga safari ya Mei aanze Novemba. Ruzuku ya mwaka 1 ikitolewa Aprili na vibali vikaiva Septemba, mwaka umebaki na miezi saba, na mfadhili anahesabu kumi na miwili.

Kwa sababu hiyo nashauri kuchukua kile kiwango cha miaka 2 kila inapowezekana, hata kama fedha za mwaka mmoja zingetosha. Muda ndio unaonunuliwa. Kama ningetakiwa kutoa nyota, International Exchanges ningeipa nne kati ya tano kwa mtu aliyekwisha kumpata mshirika anayemwamini, na mbili kwa mtu ambaye bado anamtafuta, kwa maana ruzuku hii haitafutii mtu mshirika na haimlindi na mshirika mbaya. Nyota ya tano naizuia mpaka mwenza aweze kusaini bajeti, badala ya kupelekewa nakala baada ya mambo kwisha. Ombi hilo halihitaji pauni hata moja ya ziada.

Jambo la mwisho ni la bahari, na kosa lilikuwa langu. Mgeni mmoja, kwa fedha za mfadhili mwingine kabisa, alipanga kuja wiki ya pili ya mwezi wa Februari kwa kuwa ndiyo wiki chuo chake kilikuwa na likizo, nami kwa furaha ya kupata mgeni nikakubali bila kutazama mwezi. Alifika wakati wa maji mafu. Siku sita tulizokuwa nazo tulisimama ufukweni tukitazama maji yaliyokataa kushuka, mashamba yote yakiwa chini yake, na wakulima wakiwa majumbani kwao wakikausha na kufunga magunia, kwa sababu anayelima mwani huku anafuata bamvua, siku chache za mwezi mchanga na siku chache za mwezi mpevu, ambapo maji hukupwa kabisa kuanzia saa nne hivi za asubuhi na mchanga ukaonekana hadi karibu na mwamba. Aliondoka na picha nzuri za machweo. Ombi lililofuata, kabla hatujaandika hata kichwa cha mradi, nilimtumia mshirika wangu jedwali la maji la mwaka mzima nikiwa nimepiga duara siku za bamvua kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza bamvua ni nini. Nikamweleza, na baada ya siku mbili akanijibu kwamba amekwisha kuomba ruhusa ya kuhamisha mtihani wa wanafunzi wake kwa wiki moja.